Kichwa cha Wifi

1 Juni 1996, Jumamosi

Naandika kwa sababu nikisema nitatukana mtu, na kutukana ukweni ni kujitafutia safari. Nyumba hii si yangu. Ni ya mayu, mama yake mume wangu, na chumba cha mbele ninachofanyia saluni ni chake pia. Miaka mitano nimeosha vichwa vya wanawake wa Bariadi mle ndani, na miaka yote hiyo mayu hakuwahi kuingia bila kuziba pua.

Leo kaingia. Kamleta Matilda, binti yake wa mwisho, kamkalisha kwenye kiti changu kama mtu anayetua gunia la mkaa, akamfungua kitambaa. Mungu wangu! Matilda alikuwa Lamadi kwa shangazi yake tangu Januari, na huko kuna mtu kamtia dawa ya kunyoosha nywele akaenda kupiga soga. Kisogoni pana kidonda kimekaukia usaha. Mbele nywele zimekatika zimebaki kama za panya, katikati zimesimama ndefu, na ukizivuta kidogo tu unabaki nazo mkononi.

"Mama Josia," mayu akaniambia, "tarehe thelathini na moja Agosti huyu anaolewa na Constantine. Nataka kichwa kimejaa."

"Mayu, nywele hazioti kwa amri."

"Basi na chumba hakikaliwi kwa amri. Constantine anatafuta mahali pa kuwekea mizani na magunia ya pamba. Nimemwambia asubiri Agosti nione."

Ndiyo hivyo. Nywele za Matilda zikirudi, saluni yangu inabaki. Zisiporudi, magunia yanaingia na mimi natoka. Matilda muda wote huo alikuwa anajitazama kwenye kioo, wala hakusema hata pole. Ana miaka ishirini na anajiona kaumbwa siku ya peke yake. Simpendi, na yeye anajua.

2 Juni

Masunga, mume wangu, nimemweleza. Kasema, "Mfanyie tu, ni mdogo wangu." Halafu kalala. Yeye ni dereva wa lori la Constantine, na Constantine ni wakala wa kampuni mojawapo ya hizi zilizomiminika tangu ushirika ulipoacha kununua pamba peke yake. Kwa hiyo mume wangu akikohoa anamwangalia kwanza Constantine usoni.

8 Juni, Jumamosi

Stimingi ya kwanza. Watu wanadhani stimingi ni stimingi: unapaka, unavisha kofia ya nailoni, unafunga taulo la moto, unasubiri, umemaliza. Wapi! Nywele za kipilipili ambazo hazijaguswa na kitu zinataka joto la muda mrefu na mafuta mazito, nyonyo au hata samli, kwa sababu zimejifunga na hazimezi haraka. Kalikiti, zile zilizotiwa dawa ya mawimbi, inataka unyevu kila siku, la sivyo inakuwa majani makavu. Nywele nyepesi, kama za mke wa yule Mwarabu wa duka la vitenge, ukizipa mafuta mengi zinalala kama zimenyeshewa. Na nywele za dawa ni wagonjwa. Zimechomwa ndani. Zipe yai lililopigwa na nyonyo kidogo, taulo la uvuguvugu, wala si la kuunguza, na mikono yenye subira.

Subira hiyo nimeitoa wapi leo sijui. Matilda kakaa kwenye kiti anasaga meno, "Harufu ya yai inanitia kichefuchefu." Nikamwambia atapike, ndoo iko pale.

12 Juni

Upepo. Vumbi limeingia mpaka kwenye chai.

15 Juni, Jumamosi

Nimemfungua kitambaa nikakuta kichwa kinanuka maziwa. Mayu kamsiliba samli usiku! Samli nzito ya Nkololo, nusu kibuyu, juu ya nywele za dawa. Haikuingia hata chembe. Imekaa juu, imeshika vumbi na nyuzi za pamba, kichwa kizima kimekuwa tope.

Nikamfuata jikoni. "Mayu, ukiweka samli naacha."

"Samli ilikuza nywele za bibi yake kabla wewe hujazaliwa."

"Nywele za bibi yake hazikuchomwa."

Akanikata jicho. "Unanifundisha kwangu?"

Nimeosha maji matatu mpaka mgongo ukaniuma. Matilda ndiye aliyefurahi. Nilimwona kwenye kioo anacheka.

22 Juni, Jumamosi

Zimeanza kushika! Leo nilipitisha kitana cha meno mapana kutoka utosini mpaka chini, zikabaki nywele chache tu kwenye meno yake. Kisogoni kidonda kimefunga na juu yake kuna vinywele vipya, vyeusi, vigumu. Nilijisahau nikasema, "Umeona wifi?" Alikuwa amekunja uso kama mtu niliyempa habari ya msiba.

29 Juni, Jumamosi

Zinaendelea vizuri. Wateja wawili wengine, wote kalikiti. Mayu kapita mlangoni, kachungulia, kaondoka. Kwake hiyo ni sifa.

4 Julai

Ununuzi wa pamba umefunguliwa na mji umechanganyikiwa. Magari, mizani kila kona, wauza mitumba, redio zinapiga kelele. Constantine kaja na gari lake, suruali imepigwa pasi, kaingia saluni bila hodi. Ana mvi za pembeni na meno mazuri. Mgane, mkewe Apolonia alikufa mwaka juzi.

Kaweka mezani kopo kubwa la stimingi kutoka Mwanza, limeandikwa maandishi ambayo hata sijui ni ya nchi gani. Siku hizi vitu vinaingia kutoka kila pembe ya dunia.

"Tengeneza kichwa changu vizuri," akasema.

"Kichwa chako hakina tatizo, shemeji."

Akacheka. "Cha Matilda. Si changu hicho?"

Matilda alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Nilikiona kivuli cha miguu yake. Alipoondoka yule bwana nikasema, "Njoo uchukue zawadi yako," akatoka, akaliangalia lile kopo, akafyonya. Mimi nikaona, tazama jeuri hii. Wenzake wanaolewa na vijana wa kupiga debe stendi, yeye analetewa mwenye gari bado anafyonya.

6 Julai, Jumamosi

Kopo la Mwanza ni zuri, sitasema uongo. Laini, linaingia haraka. Nimelitumia na yai kidogo.

13 Julai, Jumamosi

Zimekatika.

Sielewi. Wiki iliyopita zilikuwa zinashika, leo nilipozilowesha zikawa zinateleza na kuvimba, halafu nilipochana zikakatika katikati. Si mzizini, katikati! Taulo limejaa. Nikadhani ni lile kopo. Nikajipaka mimi mwenyewe, nami pia nina dawa, nikakaa nalo mpaka jioni. Nywele zangu zimetoka nzuri kuliko zamani.

Basi ni mayu. Nimemwuliza mbele ya Masunga kama karudia samli yake. Kanitolea macho. "Mimi? Mimi nataka binti yangu aolewe na kichwa cha kunguru?" Kaniita mchawi wa nywele. Masunga kaniambia niombe radhi. Nimeomba, lakini midomo tu ndiyo iliyoomba.

16 Julai

Sisemeshwi na mtu. Ni raha kubwa.

20 Julai, Jumamosi

Zimekatika tena, upande wa kushoto. Nimemwuliza Matilda analalia nini, anafunga nini, kampaka nani. "Hakuna." Nimeweka yai, nimeweka nyonyo, nimefunga taulo. Tukiwa tunasubiri, yeye na macho yake kwenye kioo, akauliza:

"Wewe si ulikuwa unamwosha Apolonia?"

"Nilikuwa namwosha."

"Nywele zake zilikuwaje?"

"Vichwa vya watu sivisimulii," nikamwambia. "Kaa wima."

Lakini sasa nimekaa na kalamu na swali lake halinitoki. Apolonia alikuwa na kipilipili haswa, zile ngumu zinazovunja vitana. Mwaka wake wa mwisho zikaanza kulainika, zikawa kama za mtoto mchanga, zikapata wekundu, zikawa zinabaki kwenye taulo zenyewe bila hata kuvutwa. Nilimbadilishia mafuta nikadhani ni mafuta. Alikuwa anakonda. Anakohoa. Msibani walisema karogwa na watu wa Nkololo, na mimi nilitikisa kichwa pamoja na wengine wote, kwa sababu huo ugonjwa wa siku hizi mtu hautaji kwenye msiba wa watu.

Hivi huyu mtoto ananiuliza kwa nini?

27 Julai, Jumamosi

Nimejua.

Alipokaa leo nilimgeuza kichwa dirishani kabla ya kulowesha. Nyuma ya masikio na kwenye shingo palikuwa na unga mweupe umekauka. Nikasema mba. Nikaushika, ukawa kama chumvi. Nikaugusa na ncha ya ulimi. Magadi! Magadi yaleyale tunayopikia mlenda na kunde, yanayochotwa huko upande wa Mwanhuzi. Nyama ngumu ya fahali inalainishwa na magadi, sembuse nywele zilizokwisha kuungua. Mtu akiyakoroga na maji ya moto akaoshea nywele za dawa, zinavimba, zinateleza kama huo mlenda wenyewe, halafu zinakatika pote.

"Wifi, haya ni magadi."

Kanitazama kwenye kioo. "Umeonja?"

"Nimeonja."

"Basi umejua."

Sijui jinsi nilivyojizuia nisimpige na kitana. Jumamosi zote zile, mgongo wangu, mayai yangu, matusi ya mama yake! Nikamwuliza ana wazimu au vipi.

"Sitaki kwenda kwa Constantine," akasema. "Wewe umemwosha mkewe. Unajua kwa nini."

"Mwambie mama yako."

"Nilimwambia. Kasema Apolonia alirogwa. Nikamwambia kaka. Kasema, na lori je? Nikamwambia Constantine mwenyewe twende Mwanza tukapime wote wawili, alicheka mpaka akashika tumbo. Kasema mwanamke wa kumpeleka yeye kupima hajazaliwa." Akageuka, safari hii akanitazama mimi mwenyewe, si kioo. "Lakini dada yake anapenda mwanamke wa kuonyesha watu. Wakija kuniangalia wakute kichwa kibaya. Wataniacha."

"Na mimi? Chumba changu?"

"Chumba ni cha mama."

Hivyo tu! Chumba ni cha mama. Nikamwambia leo hii namwita mayu aje aonje na yeye. Akafunga kitambaa chake taratibu.

"Mwite. Nitasema ni dawa yako iliyoniunguza. Sisi wawili ataamini nani?"

28 Julai

Sijamwita. Sijui kwa nini. Si kwa kumwonea huruma, mtu asinisingizie. Nimemchukia zaidi ya jana.

3 Agosti, Jumamosi

Nimeficha magadi ya jikoni juu ya dari. Nimeosha, nimeweka yai.

5 Agosti

Kanunua mengine sokoni. Kapita nayo mbele yangu kwenye kikapu, wala hakuyafunika.

10 Agosti, Jumamosi

Nimeosha. Zimekatika. Kuna kipara cha upana wa kiganja upande wa kushoto, na kingine kinaanza utosini. Lakini mizizini, mahali ambapo dawa ya Lamadi haikupita na magadi hayana cha kuvunja, nywele mpya zinaota nyeusi tii, ngumu, nzuri. Ana nywele nzuri huyu mtoto, na ndilo jambo linaloniuma.

Nilipomaliza nikamwambia, "Namwambia mama yako, mzigo huu unitoke." Akasema, "Jumapili ijayo wanakuja kuniangalia. Mwambie baada ya hapo." Sauti yake ilitetemeka kidogo mwishoni. Ni mara ya kwanza kuisikia ikitetemeka.

13 Agosti

Vumbi, vumbi, vumbi. Constantine kapima chumba changu kwa hatua zake, mimi nikiwa ndani na mteja. Kasema mlango utabidi upanuliwe.

Nilimtazama anavyotembea. Anakohoa? Sikumsikia akikohoa. Nywele zake sijui, hazinihusu. Kichwa cha mtu hakiwezi kukuambia yote, na mimi si daktari. Lakini mtu aliyeitwa kupima akacheka, huyo namwogopa.

17 Agosti, Jumamosi

Kesho wanakuja. Mayu kachungulia kichwa leo kwa mara ya kwanza tangu Julai, akakaa chini kwenye sakafu. Alipopata sauti alisema, "Jumatatu utatoa vitu vyako." Matilda alikuwepo.

Basi vizuri. Kesho nami nitasema. Mbele yao wote, mayu, Masunga, wageni, nitaleta magadi kwenye sahani niwaonyeshe. Mimi si mshumaa wa kuwamulikia watu wengine. Nimeshayatia kwenye karatasi, yako hapa mezani ninapoandika.

18 Agosti, Jumapili

Walikuja watatu: Specioza, dada yake Constantine, mwanamke mkubwa wa vitenge vya sare juu na chini, na mama zake wadogo wawili wazee waliotoka Nkololo. Constantine hakuja, mwanamume haji siku hiyo. Wakakaa sebuleni kwa mayu. Mwangaluka, mwangaluka, habari za safari, habari za pamba, soda zikanywewa. Masunga alikaa karibu na mlango. Mimi nilisimama nyuma na karatasi ya magadi kwenye mfuko wa gauni, nasubiri zamu yangu.

Matilda akaletwa, akapiga magoti. Specioza akasema, "Mfungueni kitambaa tumwone binti yetu."

Akafunguliwa.

Nilidhani watafoka. Nilidhani watacheka, watasema huyu mbona mbaya, watanyanyuka. Matilda mwenyewe alidhani hivyo, maana alikuwa ameinua kidevu kama mtu anayengoja kutukanwa na yuko tayari. Hakuna aliyefoka. Wale wazee wawili wakaangaliana. Mmoja akavuta kanga yake mbali isimguse Matilda. Specioza akainama, akaziangalia zile nywele nyekundunyekundu zilizolainika kwa magadi, akaangalia vile vipara, halafu akasema kwa sauti ya chini, ya upole, mbaya kuliko kelele:

"Nywele hizi tunazijua. Tuliziona nyumbani kwetu. Apolonia alianza hivihivi."

Mayu akasema, "Unasema nini, mama?"

"Nasema pole. Binti alikuwa Lamadi, kule kwa wavuvi, tunajua maisha ya kule. Sisi hatuhukumu. Lakini Constantine hawezi kuoa mgonjwa, na itabidi watu waelezwe kwa nini."

Watu waelezwe! Kwa hiyo walijua. Miaka miwili walijua Apolonia alikufa na nini, wakatuacha tumtie mchawi hatiani, na sasa wanataka kumbandika mtoto huyu ugonjwa wa nyumbani kwao ili waondoke wasafi. Kesho yake mji mzima ungesema. Wangemtengea sahani, wangemtengea kikombe, njiani watoto wangekimbia kivuli chake, na hakuna mwanamume kutoka hapa mpaka Nassa ambaye angemgusa.

Nikamtazama Matilda. Kidevu kilikuwa kimeshuka. Hilo hakuliwaza. Alitaka kuwa mbaya, hakutaka kuzikwa akiwa hai. Akafungua mdomo, nikajua anataka kusema magadi, na nikamwona Masunga pale mlangoni, ngumi imekunjwa, macho mekundu, mtu ambaye lori lake lilikuwa linatoka mlangoni pamoja na wageni. Angesema lile neno, asingemaliza siku na meno yake yote, na mwisho wa mwezi angepelekwa kwa Constantine akiwa amefungwa kamba.

Mkono wangu ulikuwa kwenye mfuko, umeshika karatasi. Naliandika hili kama lilivyokuwa: nilikuwa bado nataka kuitoa.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakageuka.

"Ni mimi nimemharibu. Nilimtia dawa juu ya dawa. Aliporudi ana mabaki ya dawa ya Lamadi, nikaona nikiongeza zitanyooka vizuri. Nikampaka, akaja mteja, nikamsahau. Halafu nikamfunga taulo la moto juu yake." Maneno yalitoka yamepangika, kwa sababu ndivyo wajinga wanavyofanya na mimi nimewasema miaka mitano. "Niliogopa kusema. Nikasingizia samli ya mayu."

Specioza akanitazama. Si mjinga yule. "Kila mtu ana la kusema kuficha aibu," akasema.

Nikapita katikati yao, nikamshika Matilda kichwa, nikakiinamisha mbele ya macho yake. "Mama, angalia hapa chini. Angalia mizizi. Umeona hizi zinazoota? Nyeusi, ngumu, zimejaa kila mahali, hata kwenye kipara. Apolonia nilimwosha mimi. Zake zilikuwa zinang'oka na mzizi wake. Za huyu zimekatika. Shika, usiogope, hazikuli."

Hakushika. Lakini mmoja wa wale wazee alisogea akapitisha kidole, akasema kwa Kisukuma kwamba ni kweli, zinachoma.

"Dawa yake ni kunyoa," nikasema. "Zote. Na leo."

Mayu akapiga ukelele. "Humnyoi! Bibi harusi hanyolewi, ni mfiwa?"

"Tukimpeleka amenyolewa," Specioza akasema, "tutakuwa tumeingiza kichwa cha msiba kwenye nyumba iliyozika juzi. Hilo haliwezekani. Mpaka zijae tena."

"Zitajaa mwakani," nikamwambia.

"Constantine hangojei mwakani."

Hapo Matilda akanyanyuka kwenye magoti, akaenda mwenyewe mpaka uani, akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa. Hakuna aliyemwambia. Nikaleta wembe na maji. Nilimnyoa wakiwa wamesimama wote wanatazama, kuanzia kisogoni kwenda mbele. Zile nywele nimezikusanya nikazichoma.

Wageni waliondoka bila kula. Masunga alinipiga kofi moja, la kwanza katika ndoa yetu, akatoka. Mayu alisema mbele ya majirani waliokuwa wamejaa kwenye uzio, "Huyu ndiye aliyemwunguza mwanangu, mmesikia kwa kinywa chake." Nikasema, "Mmesikia."

Sasa nimekaa. Shavu linawaka. Nimetupa maisha yangu kwa ajili ya mtu nisiyempenda, na sijui nimwulize nani kwa nini.

19 Agosti

Nimetoa kiti, kioo, mabeseni, taulo. Matilda alikuwa ndani. Hakutoka.

22 Agosti

Masunga kanyang'anywa lori. Karudi, hasemi. Tumepata chumba karibu na mnada wa ng'ombe, mimi, yeye na Josia, mtoto wetu, anayeuliza kila asubuhi tunarudi lini kwa bibi.

7 Septemba, Jumamosi

Constantine kaoa. Kamchukua binti wa Mwanhuzi. Walipita na magari, wanapiga honi. Nilikuwa barazani, kiti changu hakina mtu. Nilitaka kusimama katikati ya barabara nimzuie yule binti, nimwambie. Nimweleze nini, na mimi ndiye yule aliyemwunguza wifi yake? Nani angenisikiliza? Nililia mpaka nikaona aibu.

21 Septemba

Mwezi mzima, wateja wawili, wote wageni wasionijua. Mke wa Mwarabu alinionyesha kwa kidole kwa rafiki yake. Nimemwona Matilda sokoni. Kageuza uso.

12 Oktoba, Jumamosi

Mvua ya kwanza. Mayu kaja. Kasimama barazani kalowa, kavua kandambili, kakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa. Nikaendelea kukunja taulo nione.

"Magadi ninayonunua Mei yananifikisha Desemba," akasema. "Mwaka huu Julai yalikuwa yamebaki kiganja kimoja. Na mimi sipiki mlenda kila siku."

"Mayu ulijua?"

"Nilijua."

"Na siku ile ulinyamaza."

"Nilikuwa natafuta wa kumtwika. Nilitaka kusema shangazi yake wa Lamadi. Ukajitokeza wewe." Akajifuta maji usoni na kanga. "Yule binti wa Mwanhuzi kaanza kukohoa, wanasema. Labda ni mafua. Silali."

"Basi kawaambie watu kwamba sikumwunguza mwanao. Kawaambie nipate kula."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonichoma. "Siwezi. Nikisema magadi, watauliza kwa nini, na nikisema kwa nini, nimelitaja jina la ugonjwa na la mwanangu pamoja. Matilda lazima aolewe mji huu huu. Wewe umeshaolewa."

Nilimtazama mwanamke huyu. Nikatafuta tusi, na miezi yote hii ninayo mengi, sikuliona hata moja linalomtosha.

"Na Matilda mwenyewe," nikauliza, "anasemaje?"

Mayu akafikiri. "Anasema ulimkwaruza na wembe. Nyuma ya sikio. Bado panamwuma akilala."

Nikacheka. Sijui kilitoka wapi, nilicheka mpaka mayu akashika ukingo wa kiti. Halafu nikamwambia anyanyuke aondoke, kiti hicho ni cha wateja.